Mzee wa Funguo na Bendera Zilizokwama Mtoni

Mtu yeyote aliyewahi kuendesha gari la kampuni yetu kule Sulay, Riyadh, atakuambia kwamba ufunguo haukutoka ukutani hivi hivi. Unasimama mbele ya ubao, unanyoosha mkono, na Mzee wa Funguo, bila hata kuinua macho kutoka kwenye chai yake, anakuuliza, "Umelala?" Ukisema umelala, anauliza umeota nini. Aliamini kabisa kwamba mtu aliyelala usingizi wa kweli hakosi ndoto ya kusimulia, na asiye na ndoto hafai kupewa barabara ya Jeddah. Madereva wengine walimwona msumbufu. Mimi naye tulipatana siku ya kwanza tu. Nilimwambia nimeota nauza madafu mwezini na wateja wanalalamika bei. Akainua macho.

"Hayo madafu uliyapandisha na nini?"

"Hiyo sehemu sikuiota, Mzee."

Akanipa ufunguo wa pikapu mpya, kisha akamwambia Wafula, askari wa geti, "Huyu amelala."

Hakuwa bosi. Alikuwa dereva mkongwe ambaye magoti yalianza kumgomea, basi wakampa ubao wa funguo na kiti cha plastiki kivulini, na mara mojamoja, akijisikia, alichukua gari mwenyewe kwenda Jeddah na mimi nikiwa msaidizi wake. Yeye alikuwa mtu wa Machakos, mimi wa Voi, Wafula wa Busia. Jina lake nalijua, lakini hapo yadi hakuna aliyelitumia, na nikiliandika hapa nitahisi namwandika mtu mwingine.

Alikuwa msafi kupita kiasi. Matundu ya kiyoyozi cha gari aliyasugua kwa mswaki, na mswaki huo ulikuwa bora kuliko wangu wa meno. Ilikuwa marufuku kula ndani ya gari, lakini ukipapasa chini ya kiti chake ungekuta maganda ya karanga ya kutosha kujaza mto. Chai ya thamosi yake hakumgawia mtu, hata mgonjwa, ila ukimaliza zamu yako ungekuta amekununulia chai ya maziwa, karaki, dukani na kuifunika kwa sahani isipoe. Nilimuuliza siku moja kwa nini asinipe tu ile yake. Akanitazama kama nimemuomba meno yake. "Hiyo ni yangu," alisema.

Na barabarani alikuwa na sheria ya kimya. Saa ya kwanza kutoka Riyadh hakuna kuongea, "mpaka gari lizoee." Gari likishazoea, alianza kuongea yeye, na hakunyamaza mpaka tunaona taa za Jeddah. Aliongea habari moja tu. Aliongea habari ya ngome.

Hapo lazima nieleze, maana bila ngome huyu mzee haelezeki.

Kabla ya ubao wa funguo, alimwendesha Mjapani mmoja, mhandisi wa mitambo, ambaye sisi tulimjua kwa jina la Injinia tu. Kazi yake ilikuwa kufunga mashine viwandani, wiki hii Riyadh, wiki ijayo Jeddah, na safari zote hizo alikuwa nyuma, Mzee mbele, jangwa pande zote mbili. Waliongea Kiingereza cha kuokoteza, na Kiingereza kilipoisha walitia Kiarabu, na Kiarabu kilipoisha Injinia alichora. Alizaliwa chini ya kilima, na juu ya kilima hicho kulikuwa na ngome.

"Sasa usianze kufikiria ile ya kalenda," Mzee alituonya kila mara, "ile nyeupe yenye mapaa kama keki ya harusi. Hiyo ni ya matajiri. Hii ilikuwa ya udongo. Udongo mtupu!"

Kulikuwa, enzi za zamani za vita vya mabwana, na bwana mdogo wa kijiji. Mdogo kweli, mtu ambaye kwetu angekuwa chifu msaidizi. Watu wake wote wangeenea kwenye basi moja na viti vikabaki. Na huko bondeni kulikuwa na bwana mkubwa aliyekuwa anameza majirani, leo huyu, kesho yule. Bwana mdogo akajiangalia: mawe hana, mafundi hana, muda hana. Ana kilima na majembe. Akawaita wakulima wake watoke kwenye mpunga, akawaambia wakichimbe kilima chenyewe mpaka kiwe ngome. Basi wakaukata mgongo wa kilima kwa handaki, ili adui anayekuja kwa kufuata mgongo huo ajikute ghafla hana njia. Wakachonga mbavu za kilima zikasimama wima. Kileleni wakasawazisha viwanja viwili vitatu, wakavizungushia matuta ya udongo, wakasimika ua wa miti, geti moja na kibanda cha kuchungulia. Imekwisha. Ngome hiyo.

"Hiyo ni boma, bana," Wafula alisema siku alipoisikia mara ya kwanza. "Kwetu kila mtu ako na boma na hawaringi."

"Boma lako linazuia mbuzi," Mzee akamjibu. "Hii ilizuia jeshi."

"Ilizuia?"

Mzee akaanza kupanga funguo ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Hapo ndipo palipomuuma. Hakujua. Injinia alikuwa akimsimulia kidogo kidogo, kipande kwa kila safari, na kadiri hadithi ilivyosogea ndivyo alivyozidi kuitafuna polepole. Safari moja nzima, kutoka Riyadh mpaka baharini, alieleza geti tu: mbao zake, bawaba zake, jinsi lilivyolia likifunguliwa. Safari ya mwisho walifika mahali ambapo mlinzi wa kibanda anaona bendera za bwana mkubwa kando ya mto, chini kabisa bondeni, nyingi kama maua ya shambani. Gari likaingia Jeddah. Injinia akasema, kwa heshima ya kwao, "Mzee-san, tutamalizia safari ijayo." Na safari ijayo haikuwepo. Mkataba wa kampuni yake uliisha ghafla, akapanda ndege hapo hapo Jeddah, na Mzee akarudi Riyadh peke yake na kiti cha nyuma kitupu na jeshi limekaa mtoni.

Miaka ikapita jeshi bado liko mtoni.

"Mimi siondoki nchi hii," alikuwa akisema, "mpaka nijue kama wale watu walipona." Tulidhani ni mzaha. Lakini kila mkataba wake ulipoisha alitia sahihi mwingine, na mkewe akipiga simu tulimsikia kwenye spika, sauti imevuka bahari na bado ina nguvu ya kutufukuza chumbani: "Baba watoto, hao watu walikufa zamani, wapone wasipone! Mbona wewe huponi?" Mzee alijibu kwa upole kwamba bado kidogo. Kidogo gani, hakusema. Mimi naona aliogopa kidogo kurudi, kama mtu aliyetoka nyumbani kwenda kuona mechi na hajui atasema matokeo gani.

Msidhani basi kwamba aliipenda ngome hiyo bila ugomvi. Aligombana nayo sana. Kuna jambo moja ambalo hakuwahi kumsamehe yule bwana mdogo, na alilisimulia mwenyewe, nusu kwa fahari na nusu kwa hasira.

Siku moja walisimama katika kituo cha petroli nusu ya njia, na Injinia akachukua mpini wa jeki akachora kilima mchangani. Akachora handaki la mgongoni. Sawa. Akachora matuta. Sawa. Halafu akaanza kuchora mistari inayoshuka kutoka juu kwenda chini, mmoja, mwingine, mwingine, kama mikwaruzo ya paka.

"Hii nini, bosi?"

"Mitaro."

"Mitaro inayoshuka mlima?"

Sasa, mtu wa Machakos usimwambie hivyo. Mzee alilelewa na fanya juu. Kwao unachimba mtaro ukikingama mlima, unatupa udongo upande wa juu, tuta linasimama, na mvua ikija inakuta ngazi baada ya ngazi, inatulia, inaingia ardhini kama mgeni mwenye adabu. Alianza kuchimba akiwa shule ya msingi. Kwake mtaro unaoshuka mlima moja kwa moja ni dhambi; ni kuiandikia mvua barua ya mwaliko ije ibebe shamba.

"Bosi, huyu bwana yenu alikuwa na washauri?"

Injinia akamweleza kwamba mitaro hiyo ilikuwa ya kuwazuia maadui wasitembee kiupande. Kila adui anabaki kwenye mstari wake, anapanda mmoja mmoja, na huku juu wanamporomoshea magogo.

"Na mvua?"

"Mvua?"

"Mvua ikinyesha, bosi! Inateremka na mlima wako wote mpaka kwa jirani!"

Akamnyang'anya mpini wa jeki. Akafuta mitaro yote kwa kiatu, akachimba upya kama alivyofundishwa, ikikingama, matuta juu, mpaka kilima kikawa kimepangika vizuri kama mlima wa kwao. Alisema hata alitafuta majani ya kupanda juu ya tuta yashike udongo, akakosa, akachomeka vijiti vya meno. Injinia akautazama mchoro. Akauzunguka. Halafu akakaa kwenye ukingo wa saruji akacheka mpaka kijana wa petroli akamletea maji.

"Mzee-san," alisema alipopata pumzi, "umewajengea ngazi."

Ni kweli. Ngome nzima ilikuwa imegeuka ngazi, pana, safi, zisizomomonyoka, kutoka mtoni mpaka mlangoni kwa bwana. Jeshi lingepanda huku linapiga mluzi.

Lakini unadhani alikubali? Mwaka niliofika mimi, wakandarasi waliacha lundo la udongo nyuma ya bohari, na Mzee akaligeuza kilima. Kila Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, alikuwa pale na sepeto ya kuazima. Alichimba handaki la mgongoni, akachonga mbavu, akajenga geti kwa mbao za kreti. Mitaro ya kushuka alikataa katakata. Aliweka fanya juu. Nami nikamsaidia, kwa sababu nilikuwa napenda kusikia, na kwa sababu ukichimba na mtu huna haja ya kukumbuka kwenu.

"Mzee, mbona umerudia ngazi?" nilimuuliza.

"Hizi si ngazi. Hii ni akili."

"Injinia alisema..."

"Injinia ni mtu wa mashine."

Wafula alikuja na kofia ya zamu kichwani, akasimama chini ya lundo, akapanda fanya juu za Mzee bila kuitoa mikono mfukoni, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika getini, akabisha.

"Hodi! Jeshi hapa. Bwana yuko?"

Mzee alimrushia kifuniko cha thamosi.

Halafu mvua ikanyesha, ile ya Riyadh ambayo haiji na ikija inakuja imekasirika. Tulikaa mlangoni mwa bohari tukiangalia. Mitaro ya Mzee ilijaa vizuri, akawa ananionyesha kwa kidole, "Umeona? Umeona inavyotulia?" Na mara lundo lote likatoboka katikati kama mfuko wa unga. Geti lilielea likapita mbele yetu. Mzee alilitazama mpaka likapotea chini ya lori.

"Huu si udongo wa Machakos," alisema. "Ni mchanga wa kubahatisha."

Akajenga tena. Hiyo ya pili ndiyo iliyomfikia mudiri. Mudiri wetu, yaani meneja, alikuwa Msaudi kijana, si mtu mbaya, mwenye haraka tu. Alikuja kutafuta mahali pa kuegesha malori mapya, akakuta kilima chenye geti.

"Esh hada?" akauliza, ni nini hiki.

"Ngome ya Japani, bosi," Mzee akasema, amesimama wima na sepeto kama askari.

Mudiri alimtazama Mzee, akanitazama mimi, akaizunguka ngome yote, hata akainama kuchungulia kwenye kibanda kidogo cha kileleni. Niliona kabisa ameipenda. Akapiga picha kwa simu. Kisha akasema halas, basi imetosha, malori yanakuja kesho, na kesho yake likaja buldoza, na ngome ikawa chini kabla chai ya Mzee haijapoa. Yeye ndiye aliyenifariji.

"Usihesabu hii," alisema. "Enzi zile hawakuwa na buldoza."

Na kwa kuwa hakujua mwisho, alijitungia. Hapo ndipo nilipomjua mtu wangu, maana alichukia uongo kuliko kitu chochote. Ukimdanganya kuhusu mkwaruzo wa mlango anakunyima ufunguo mwezi mzima. Lakini mwisho wa ngome aliubadilisha kulingana na anayesikiliza. Alikuja kijana mmoja mpya ambaye kila akimaliza kuongea na mamake kwenye simu alijifungia bafuni. Huyo alipewa mwisho wa ukungu: ukungu mzito ulishuka, jeshi likapotea njia, watu wote wakapona, hata punda wao. Dereva mmoja aliyejisifu kwa mbio alipewa mwisho ambapo adui alikimbia mno akatumbukia kwenye handaki. Na siku Wafula alipomwita "Mzee-san" mbele ya wageni, watu wote wa ngome walikufa jioni hiyo, tena wakianzia na askari wa geti.

"Kwa nini mimi kwanza?" Wafula akalalamika.

"Ulikuwa umelala."

Mzee alikuwa na mapungufu ya kushangaza kwa mlinzi wa kilima. Aliogopa miinuko. Tukishaipita Taif na barabara ikaanza kuteremka kuelekea pwani, aliniachia usukani, akafumba macho, akaimba nyimbo za kanisani kwa Kikamba, beti zote, mpaka nimwambie tumefika tambarare. Tulipochepuka kwenye barabara yetu ya kuzunguka, sisi tusioingia Makka, alifumbua jicho moja na kuuliza, "Ngamia wapo?" Wakiwepo aliwapungia mkono. Ni katika mteremko huo nilipomuuliza mbona asimpigie Injinia tu amuulize. Dunia hii mtu hapotei. Aliacha kuimba.

"Nimpigie nimwambie nini? 'Bosi, ni dereva wako wa zamani, nimalizie stori'? Mtu mzima na mvi zangu?"

"Ndiyo, hivyo hivyo."

"Na akisema walikufa?"

Akafumba jicho, akarudia ubeti.

Baadaye kampuni ilinihamishia Jeddah, kwenye bohari ndogo. Nilipewa chumba mtaa wa Karantina pamoja na vijana wengine, na Mzee nikawa namsikia kwenye simu tu, akiniuliza nimeota nini. Kisha siku moja hakuuliza. Alisema ikama yake, kibali cha kuishi, safari hii hairudiwi, umri umepita, amepewa khuruj, ruhusa ya kutoka nchini moja kwa moja. Ataondokea Jeddah. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonitisha.

"Na bendera, Mzee?"

"Zitabaki mtoni," alisema. "Hata mimi nikienda, zitabaki pale pale."

Sikulala vizuri, na siku hizo hizo nikapangiwa kumchukua mgeni wa Kijapani uwanja wa ndege, fundi kijana aliyekuja kukagua mashine. Mimi si mtu wa kusoma sana na Kiingereza changu kina mashimo, lakini aibu nilizaliwa bila. Tulipofika tu kwenye foleni nikageuka nikamuuliza kama anamjua mhandisi mzee aliyekuwa akifanya kazi huku zamani, ambaye kwao kuna kilima na juu ya kilima kuna ngome ya udongo. Aliziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani ataomba gari lingine. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka.

"Yule mzee," alisema, "ndiye aliyenifundisha kazi. Alistaafu akarudi kijijini kwao. Kila mtu aliyefanya kazi naye anaijua hiyo ngome."

Akanipa namba. Nilimpigia Injinia mwenyewe kwanza, nikamweleza mimi ni nani na nani anaondoka. Akasema neno moja tu la Kiswahili alilokuwa nalo: "Mzee." Halafu akaniomba nisubiri asubuhi yangu ya kesho kutwa, mvua ya kwao ikikatika, ili apande kileleni na simu.

Basi asubuhi hiyo nilikwenda mtaa wa Kandara, hapo hapo Jeddah, kwenye nyumba ya kulala wageni alimokuwa Mzee akingojea ndege. Alikuwa amekaa ukumbini na jamaa wengine wanaongoja karatasi zao, sanduku liko wazi sakafuni, nusu vitenge vya mkewe, nusu taulo. Nilipomwambia nani atapiga simu sasa hivi aliruka.

"Bila kunyoa? Wewe kijana ni adui!"

Akaazima kwa jirani shati lenye kola. Akalivaa juu ya fulana, akachana nywele kwa vidole, na simu ikaita.

Injinia alionekana kwa shida kwanza, kofia na mwanzi, mwanzi na kofia, akihema kama aliyekimbia. Kisha uso ukatulia.

"Mzee-san! Umezeeka!"

"Wewe ndiye umezeeka, bosi. Mimi nimekomaa."

Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko wote wawili wakapangusa macho wakijifanya ni jasho. Injinia akageuza simu atuonyeshe. Nakubali, nilitarajia kitu. Kulikuwa na miti mirefu, majani makavu, na bonde dogo la kina cha mtu, limejaa mianzi iliyoanguka.

"Hilo ndilo handaki?" Mzee akauliza.

"Ndilo."

"Ni dogo."

"Nilikuambia ni dogo."

"Ulisema ni dogo, ndiyo. Lakini mimi nililipanua."

Injinia akatupitisha kwenye kiwanja cha juu, kiasi cha kucheza mpira watoto sita, na kwenye tuta ambalo usingelijua kama ni tuta. Hakuna geti wala kibanda. Kuvu nyeupe kwenye kisiki. Tukaona bonde, na mashamba ya mpunga, na mto wenyewe, mwembamba, unang'aa. Mzee alipouona mto alinishika mkono.

"Bosi," alisema polepole. "Bendera ziko pale. Zimekaa pale tangu siku ile. Niambie sasa. Walipanda?"

Injinia akavua kofia. Akaishika kifuani, mzee wa watu, na upepo ukampeperusha nywele chache alizobaki nazo.

"Hawakupanda," alisema.

"Walizingira?"

"Hapana. Walinywesha farasi. Walikaa pale siku chache, wakaangalia kilima. Halafu wakageuka wakaenda kwingine. Hakuna anayejua kwa nini. Labda hawakuona kama tuna thamani ya kupandiwa."

"Na watu wa ngome?"

"Walingoja. Wakangoja. Halafu mpunga ukaiva, wakashuka kuvuna. Hawakurudi tena juu."

Jamaa mmoja aliyekuwa akikaanga mayai pale ukumbini alizima jiko. Mzee alikuwa ameinamia simu.

"Kwa nini hukuniambia, bosi? Safari zote zile!"

"Nilitaka. Kila safari nilitaka. Halafu nakuona kwenye kioo, umeshika usukani kama wewe ndiye uko zamu kileleni. Nikaona aibu. Nikasema leo nimweleze geti kwanza. Safari ijayo nitatafuta vita."

Nilijuta. Nilimtazama Mzee alivyoinama, nikawaza, kijana, umempokonya mtu jeshi lake siku ya mwisho. Alipoinua uso aliuliza jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo.

"Mpunga ulikuwa umeiva vizuri?"

"Umeiva sana. Babu yangu alisema waliuchelewesha kidogo kwa sababu ya kungoja."

"Na walishuka wote? Hakuna aliyebaki juu?"

"Wote. Mimi ni wa ukoo wa mmoja wao." Injinia akavaa kofia yake, akatabasamu. "Wangepigana, Mzee-san, nani angekaa kiti chako cha nyuma?"

Mzee alianza kucheka. Ilianzia tumboni, ikapanda, shati la kuazimwa likakatika kifungo. Akacheka huku anapiga paja, akatugeukia sisi wote pale ukumbini na machozi yanamtiririka waziwazi, hasingizii jasho tena. "Walivuna!" alisema. "Mnasikia? Walishuka wakavuna!"

Simu ilipokatika alirudisha shati kwa mwenyewe, akakaa chini kando ya sanduku, akaanza kukunja taulo upya. Yule jamaa wa mayai, kijana wa Thika mwenye maneno mengi, hakuridhika.

"Aki Mzee, hiyo ndiyo stori umengoja miaka yote? Watu wachimbe mlima mzima, halafu hakuna kitu? Hakuna hata mshale mmoja? Mimi hapo ningedai nauli yangu."

Mzee wa Funguo alinionyesha kwa kidole nikalie kifuniko cha sanduku. Nikakalia. Akavuta zipu, ikagoma, akaivuta tena.

"Wewe baki ungoje vita," alimwambia bila kugeuka. "Kwetu mbaazi zimekauka shambani, na mama watoto hawezi kuvuna peke yake."